Jiwe la kuokea linanuka kuku: lisafishwe vipi bila sabuni?

Swali: Hujambo mtaalamu. Nina vyombo viwili vya stonwea. Kimoja ni sahani yenye umbo la yai, inang'aa ndani na nje, naokea makaroni na viazi. Cha pili ni jiwe bapa la mviringo lisilong'aa, la mkate na piza. Aliyeniuzia alinionya nisilitie jiwe sabuni kamwe. Mwezi uliopita nilioka kuku juu yake, kuku aliyelala usiku mzima kwenye viungo na maziwa mala. Tangu siku hiyo jiwe ni jeusi katikati, linanata ukingoni, na oveni ikipata moto linanuka shombo. Mama mkwe anasema ninapikia kwenye chombo kichafu na watoto wataumwa. Nimefikiria kulitia Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo. Je, ni salama? Na chombo kisichooshwa kwa sabuni huwa safi kweli? – Msomaji, Umoja, Nairobi

Jibu: Hujambo dada. Kwanza iweke chupa ya Jik mbali na jiwe hilo. Jiwe lako lina mambo matatu ambayo umeyafunga pamoja kama mzigo mmoja: weusi, unato na harufu. Weusi uache. Unato ndio kazi yako. Harufu ndiyo itakayokuambia kama kazi imekwisha.

Mama mkwe ana haki ya kuuliza, tena ameuliza kuhusu watoto, kwa hiyo tumjibu sawasawa.

Stonwea ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwenye tanuri la nyuzi 1,200 hadi 1,300 hivi. Chungu cha kawaida cha sokoni huchomwa chini ya hapo, ndiyo maana ukikijaza maji hutoa jasho kwa nje. Udongo ukifika joto la stonwea, sehemu yake huyeyuka na kuziba nafasi zilizo kati ya chembe. Kwenye chombo kizuri nafasi hizo hubaki chache sana, lakini mawe ya kuokea huachwa na vinyweleo kwa makusudi, ili yanywe unyevu wa donge na kuupa mkate ganda kavu. Sahani yako imepakwa glezi juu ya udongo, na glezi ni kioo chembamba kilichoyeyushiwa hapo tanurini. Kioo hakinywi mafuta wala sabuni. Jiwe halina kioo hicho, kwa hiyo chochote cha majimaji unacholiwekea, nalo litaonja.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, dondosha tone moja la maji ukingoni mwa jiwe, mahali pasipo na mafuta. Tone litatanda, doa litakuwa jeusi kidogo, na baada ya dakika moja au mbili maji hayapo, yameingia ndani. Dondosha jingine katikati, kwenye weusi. Likikaa pale kama shanga, bila kutanda, basi mafuta yamekwisha kufunga vinyweleo vya sehemu hiyo na jiwe linalindwa nayo. Ni jambo lile lile la kikaango cha chapati: cheusi, kikavu, laini, na hakuna mpishi wa chapati anayekubali kikaango chake kisuguliwe kwa waya hadi kiwe cheupe.

Hapo ndipo onyo la muuzaji linapoeleweka. Sabuni ya vyombo ina manukato, na ina dawa ya kutenganisha mafuta. Ikiingia kwenye vinyweleo haitoki kwa suuzo moja, na siku jiwe linapopata moto mkate wako unakuwa na ladha ya limau ya chupa. Kisha inavunja ile ngozi ya mafuta iliyokuwa inajengeka. Haitaua mtu, ila itakuharibia mikate kadhaa. Kama mtu wa nyumbani amekwisha kulitia sabuni kwa kutojua, msigombane: lilowekeni katika maji moto safi dakika kumi na tano, mwage, rudieni mara tatu au nne mpaka maji yasitoe povu, kisha likauke siku mbili kabla ya kuokea.

Sasa swali lako kubwa, kama chombo kisichoguswa na sabuni ni safi. Ni safi, kwa masharti matatu: kimekwanguliwa, kimepata joto, na kimekauka. Sabuni yenyewe kazi yake hasa ni kuinua mafuta na makombo ili viondoke na maji pamoja na vijidudu vilivyoning'inia humo. Kwenye jiwe, kikwanguo kinafanya sehemu hiyo. Kuua ni kazi ya moto. Kuku huhesabiwa ameiva nyama yake ya ndani ikifika nyuzi 74, na hapo Salmonela haina maisha. Jiwe lililokaa saa nzima kwenye oveni ya nyuzi 200 limepita mbali sana. Kuna mbegu za bakteria fulani zinazostahimili hata maji yanayochemka (na hapa Nairobi, kwa mwinuko wa karibu mita 1,800, maji huchemkia kwenye nyuzi 94 hivi, si 100), lakini mbegu hizo zinahitaji unyevu na chakula ili ziamke. Jiwe kavu lisilo na makombo haliwapi kitu. Kwa hiyo nikiulizwa sharti gani katika hayo matatu linapuuzwa zaidi majumbani, ni ukavu. Watu hukwangua vizuri, huosha vizuri, halafu huliingiza jiwe kabatini lingali na maji ndani, na wiki ya pili kabati zima lina uvundo.

Kwa hiyo kuku aliyeokwa mpaka akaiva juu ya jiwe hakuwaachia ugonjwa juu ya jiwe. Hatari ya siku ile ilikuwa kwingine: kwenye sponji iliyopangusa mchuzi mbichi, kwenye karai, kwenye mkono ulioshika bomba. Kilichobaki kwenye jiwe ni kitu kingine. Mala ni majimaji. Kabla oveni haijapata moto, jiwe lilikuwa linainywa, pamoja na mafuta ya ngozi ya kuku. Sukari na protini za maziwa zikaungua katikati, huo ndio ukoko wako mweusi. Mafuta yaliyotambaa ukingoni yalipata joto la kuganda nusu tu, yakawa gundi. Na yale yaliyozama ndani yamekaa mwezi mzima na hewa, yamechacha. Kila oveni inapowaka yanatoa ile harufu. Mafuta yaliyochacha huharibu ladha ya chakula na si vizuri kuendelea kuyala. Halafu unato unashika vumbi, unyoya wa kitambaa, na mende wa jikoni anaupenda. Hapo mama mkwe yuko sahihi kabisa, na unato lazima utoke.

Kulirudisha kunachukua siku mbili au tatu, nyingi zikiwa saa za kusubiri.

Anza jiwe likiwa kavu na baridi, bila tone la maji. Tafuta kikwanguo cha plastiki ngumu, au mwiko wa mbao wenye ncha bapa, au kadi ya plastiki isiyotumika tena. Usitumie kisu, na usitumie waya wa kusugulia sufuria. Waya huacha vipande vidogo vya chuma kwenye vinyweleo, na baada ya siku chache vinatoa kutu: vidoa vya kahawia ambavyo huwezi kuvitoa. Lalisha kikwanguo, usikisimamishe, na sukuma kutoka katikati kwenda nje. Ukoko ulioungua utaruka kwa vipande vikavu vyeusi; weusi laini unaobaki chini yake ndio wa kuuacha. Ukifika ukingoni sauti inabadilika, kikwanguo kinaanza kukokota, na mbele yake unaona kitu cha rangi ya asali kinakunjamana kama nta ya mshumaa. Hicho ndicho unachokitafuta. Kipanguse kwenye karatasi ya tishu kila mara, usikirudishe juu ya jiwe, na tishu zitupe kwenye taka, zisiende kwenye sinki. Kazi hii ikifanywa kwa subira ya dakika kumi na tano inapunguza maji utakayohitaji kwa zaidi ya nusu, na wakati wa mgao wa maji unajua thamani yake.

Kisha maji. Lita mbili au tatu kwenye karai safi zinatosha. Anza na vuguvugu, jiwe lizoee, halafu ongeza moto mpaka kiwango ambacho mkono unavumilia kwa shida. Sugua kwa dodoki au brashi ya nailoni, kwa mizunguko midogo. Usiliache jiwe limezama zaidi ya dakika kumi na tano. Kila dakika ya ziada ni maji zaidi ya kuyakausha baadaye.

Ukingo ukiwa bado unanata, changanya vijiko vitatu vya chakula vya baking soda na kimoja cha maji, upate uji mzito usiotiririka. Paka kwenye unato peke yake, acha dakika ishirini, sugua, kisha suuza mara tatu kwa maji mapya kila mara. Wapo wanaoshauri iachwe usiku kucha. Kwa sahani yenye glezi ni sawa. Kwa jiwe hapana, kwa sababu soda huyeyuka, huingia ndani, na jiwe likikauka chumvi yake hujitokeza juu kama unga na kuupa mkate ladha ya sabuni. Na tafadhali usiweke magadi mahali pa baking soda. Magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, ni makali zaidi, tena huja na mchanga na rangi yake.

Likaushe likiwa limesimama kwa ukingo kwenye kichanja cha vyombo, hewa ipite pande zote mbili. Likilazwa juu ya kitambaa, upande wa chini haukauki. Januari na Februari saa 24 zinatosha. Juni hadi Agosti, jiji likiwa na mawingu na jikoni kuna baridi, hesabu saa 48. Usilifupishe hili kwa kuliweka kwenye oveni ya moto mkali lingali na maji: maji yaliyo ndani hugeuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, na jiwe linapasuka, mara nyingine kwa mlio.

Likishakauka, ingiza jiwe kwenye oveni ya baridi, tupu, rafu ya kati. Washa nyuzi 100 kwa nusu saa, kisha panda hadi 200 kwa saa moja. Geuza jiwe kabla ya kuliingiza usome mtengenezaji ameandika kikomo gani kwa nyuma, usikipite. Fungua dirisha. Katika dakika ishirini za mwanzo harufu itazidi kuliko ulivyowahi kuisikia, usiogope na usizime, hayo ni mafuta yaliyochacha yanatoka. Baadaye inapungua. Zima, na usiufungue mlango mpaka oveni na jiwe vipoe pamoja, saa tatu hivi. Stima ikikatika katikati ya kazi, liache humo humo lipoe, uanze tena siku nyingine kutoka nyuzi 100.

Likishapoa, pitisha ncha za vidole kwenye ukingo huku umefumba macho. Vidole vinajua kuliko macho hapa. Kama vinateleza juu ya ukavu, hata pawe peusi namna gani, umemaliza. Vikikwama mahali, rudia kukwangua na moto kwa sehemu hiyo. Shombo lisipoondoka baada ya mara tatu, mafuta yameingia kuliko unavyoweza kuyafikia. Litumie kuokea vitu vilivyowekwa juu ya karatasi ya kuokea, na mkate uutafutie jiwe jingine. Hilo hutokea kwa mawe machache sana.

Jiwe lililokwanguliwa hivi lina sehemu zilizobaki uchi, na inabidi zilindwe. Chukua nusu kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti, mahindi au soya kwa jiwe la sentimita 30. Nusu kijiko cha chai kwa jiwe zima, ndiyo. Paka kwa tishu, kisha chukua tishu kavu na ufute kana kwamba umejuta kuyapaka. Oka dakika 45 kwenye nyuzi 200, lipoe. Kosa la watu wengi ni kupaka kwa wingi wakidhani jiwe litashiba haraka. Safu nene haigandi hadi chini, inabaki gundi, na umerudi ulikotoka. Siagi na majarini visitumike kwa kazi hii, vina maji ndani yake, na siagi ina maziwa pia. Mafuta magumu ya kupikia yatokanayo na mawese hayachachi upesi, lakini hayajengi ngozi ngumu kama ya alizeti.

Baada ya hapo, utunzaji wa kila siku ni mwepesi: lipoe, likwanguliwe, lisuuzwe kwa maji moto, lisimamishwe likauke. Ukioka mkate, ule moto unaobaki ndani ya oveni baada ya kuizima ni mali. Jiwe lililosuuzwa jana na bado una wasiwasi nalo liache humo likaukie bure.

Na kuku mwenye mala asirudi juu ya jiwe. Nyama yenye majimaji, samaki, na chochote chenye maziwa ni kazi ya sahani yako yenye glezi. Jiwe ni la mkate, piza, biskuti, skonzi, viazi vikavu. Ukilazimika kuokea nyama juu yake, iwe kavu na iwe juu ya karatasi ya kuokea.

Kuhusu Jik kwenye jiwe, sababu ni mbili. Dawa hiyo haifanyi kazi vizuri palipo na mafuta na makombo, kwa hiyo mahali unapoihitaji ndipo inaposhindwa. Na inaingia kwenye vinyweleo na kukaa pale, kisha chakula kinawekwa juu. Kwenye sahani yenye glezi nzima inaruhusiwa, kwa mfano kama nyumbani kuna mgonjwa wa kuhara: osha kwanza kwa sabuni, kisha vijiko viwili vya chakula vya Jik yenye nguvu ya asilimia 3.5 katika lita tano za maji ya baridi, dakika mbili, suuza, kausha. Isikutane kamwe na siki wala limau, mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Hiyo sahani nayo isisahaulike kwa sababu tu inang'aa. Ioshe kwa sabuni na maji moto kama chombo kingine chochote, iloweke nusu saa kama makaroni yameganda. Lakini igeuze. Chini kuna duara lisilong'aa, linakwaruza kidogo ukilipitishia kidole, rangi ya udongo wenyewe. Huo ndio mguu wa sahani. Haukupakwa glezi kwa sababu ungegandia kwenye rafu ya tanuri, na hapo ndipo sahani inapokunywa maji na mafuta machafu ya sinki. Ukiosha sahani na kuiweka juu ya nyingine mguu ukiwa umelowa, unyevu huo unakaa juu ya sehemu ya kulia ya sahani ya chini. Sugua mguu kwa brashi, ikauke imeegemezwa kwa ubavu, ndipo uipange.

Mistari ya kijivu inayoonekana kama mikwaruzo ndani ya sahani mara nyingi si mikwaruzo. Ni chuma cha vijiko na uma kilichobaki juu ya kioo, kwa sababu kioo ni kigumu kuliko kijiko. Uji wa baking soda na kidole kilichofungwa kitambaa huiondoa ndani ya dakika chache.

Mistari ya kuogopa ni ile nyembamba kama nywele, inayokutana kama wavu wa samaki. Hiyo ni glezi iliyopasuka, na ndani yake maji ya nyama hupata njia. Kuikagua, mimina chai ya rangi iliyokolea ndani ya sahani ikiwa vuguvugu, subiri dakika kumi, mwaga, suuza na ufute. Wavu ukibaki umechorwa kwa kahawia, sahani hiyo isipikiwe tena nyama wala kitu chenye mchuzi. Iwe ya matunda mezani. Kisha inyanyue kwa vidole viwili na uigonge kwa kifundo cha kidole. Nzima hulia kama kengele ndogo. Iliyo na ufa inaitika kwa kishindo kifupi kilichokufa, hata kama ufa wenyewe hauuoni. Usiiunganishe kwa gundi ukaipikia.

Na kama sahani ilitoka kwenye marundo ya mitumba ya Gikomba au penginepo ambapo hujui ilitengenezwa wapi na lini, kuna jambo ambalo kuosha hakulitatui. Glezi nyingi za zamani na za moto mdogo zilitiwa risasi ili ziyeyuke kwa urahisi na zing'ae. Nyanya, limau, ukwaju na siki huitoa risasi hiyo na kuitia kwenye chakula, na kadiri chakula kinavyokaa ndivyo inavyotoka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi kwa sababu inashambulia ubongo unaokua. Kwa hiyo sahani isiyojulikana asili yake isilaze mchuzi wa nyanya usiku. Na glezi yake ikiwa imefifia kama chaki, au kitambaa chenye limau kikitoka na rangi, iondoe jikoni kabisa, usimpe jirani.

Vyombo hivi viwili vina adui mmoja wa pamoja, nalo ni badiliko la ghafla la joto. Udongo hupitisha joto polepole, hivyo upande unaoguswa na maji ya baridi hujikunja wakati ndani bado kumetanuka, na chombo kinajipasua chenyewe. Ukitoa sahani kwenye oveni usiiweke kwenye terazo lenye maji wala juu ya kitambaa kibichi. Ubao mkavu ndio mahali pake. Usiongeze maji ya bomba kwenye makaroni yaliyokauka oveni ikiwa kwenye nyuzi 200, ongeza yaliyochemka. Chakula cha kwenye friza kiyeyuke kwanza kwenye friji. Na usiipashe sahani juu ya jiko la gesi wala la makaa, hata kwa moto mdogo. Moto unachoma duara moja chini huku kingo zikiwa baridi, na chombo kilichotengenezwa kwa oveni hakikuumbwa kwa hilo.

Sifa yake ya kushika joto, ambayo mezani ni raha, ina upande wa kuangaliwa. Chakula ndani ya stonwea hakipoi upesi. Kinapokaa muda mrefu kati ya nyuzi 60 na 5, bakteria huzaliana, na wali au makaroni yana mbegu zilizopona kwenye upishi. Sahani nzima ya moto ikiingizwa kwenye friji hubaki vuguvugu kwa saa kadhaa katikati na kuwapasha moto majirani zake. Hamisha masalio kwenye chombo chepesi kisicho na kina ndani ya saa mbili, ndipo yaingie friji. Na sahani ioshwe usiku huo.

Nimalizie na jambo moja ambalo pengine mama mkwe ataliona baada ya kazi hii yote. Kama maji ya ploti yenu ni ya kisima, jiwe likikauka linaweza kutoa utando mweupe. Kabla hamjauita ukungu, uguseni. Chumvi ya maji ni kavu, inakwaruza kama unga wa chokaa, haina harufu, na inaisha kwa brashi kavu. Ukungu una manyoya, unakaa kwenye madoa ya mviringo na una uvundo. Ikiwa ni chumvi, suuzo la mwisho liwe la maji ya mvua au ya dumu mliyoyajaza kutoka kwa bomba la jiji. Ikiwa ni ukungu, jiwe liliwekwa likiwa bichi: brashi, maji moto, siku mbili za hewa, na ile safari ya nyuzi 100 hadi 200.

Mkate wa kwanza baada ya hapo uwe wa maji, unga, chumvi na hamira tu, usiwe na siagi wala viungo. Ukitoka, ugeuze, vunja kipande cha ganda la chini kingali cha moto, kinuse, halafu mpe mama mkwe naye anuse. Ikinuka ngano iliyookwa, jiwe ni safi. Akisikia kuku, lirudi kwenye oveni tupu saa moja nyingine.